Mama Bandia, Aliyekataa Kusema Hakujua

Marehemu, ambaye hospitali nzima na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Bandia, alifariki Jumatano tarehe 18 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike kwa sababu ndivyo alivyoagiza mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, mbele ya mumewe na wanawe wote wawili. Alisema hivi: "Siku hiyo msije mkaanza kuzungukazunguka, mkasema eti nilipenda kazi za mikono. Semeni nilitengeneza saa feki." Katika kikao cha familia cha wiki hii wapo waliopendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba sehemu hiyo ifupishwe, maana msibani huja watu wa kila aina. Walisikilizwa kwa heshima zote. Haikufupishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mchochea tanuri kiwandani humo. Mama yake alishona sare za shule kwa cherehani ya mguu iliyowekwa mlangoni ili ipate mwanga. Mama huyo aling'oka meno ya mbele angali msichana, baada ya kuteleza kisimani, na tangu hapo hakuwahi kucheka bila kiganja mdomoni. Watoto wengine walikua wakidhani ndivyo akina mama wanavyocheka. Marehemu peke yake, akiwa na miaka minane, ndiye aliyeuliza wakati watu wanakula: "Mama, mbona unacheka kama unayeiba?" Alichapwa kwa swali hilo. Lakini hakulifuta, na wala hakuomba msamaha, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, alikuwa ameuliza tu na hakuwa ametukana.

Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1968, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana. Huko ndiko tabia yake ilikoanza kuwatoa walimu jasho. Sketi yake ilipochanika, mama yake aliitilia kiraka cha rangi nyingine, kwa kuwa ndicho kitambaa kilichokuwepo. Matroni akamtaka akigeuze kiraka kile kwa ndani ili kisionekane. Marehemu alikataa katakata. Alisema sketi imechanika, imeshonwa, na aliyeishona anaijua kazi yake, sasa kinachofichwa ni nini? Alirudishwa nyumbani kwa wiki mbili. Baba yake alimsindikiza kurudi shuleni, na kwa kuwa alikuwa mtu mpole asiyependa makuu, alimsihi njia nzima akubali yaishe. Alirudi darasani na kiraka chake nje, na matroni akaamua kutazama pembeni.

Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha afya, fani ya ufundi wa meno ya bandia, wanawake wakiwa wawili tu darasani. Mtihani wa kwanza wa vitendo ulimtaka kila mwanafunzi atengeneze meno ya juu kwa mgonjwa wa kweli. Wenzake walipewa wagonjwa kutoka hospitalini. Yeye aliomba ruhusa, akamwandikia mama yake aje. Mama alikuja amevaa nguo zake za kutokea, akaketi kwenye kile kiti kirefu akiwa amekunja ngumi, na bintiye akampima, akamimina nta, akasaga, akampachika. Njiani kurudi nyumbani mama alicheka kwa jambo dogo tu, kuku aliyekuwa akimfukuza mbwa, na viganja vyake vikabaki mapajani. Mdogo wa marehemu alikuwepo na aliona. Ni baada ya siku hiyo watu wa nyumbani waliacha kumuuliza marehemu kwa nini hakusomea uuguzi kama wasichana wengine.

Aliajiriwa katika hospitali ya mkoa mwaka 1983, akahudumu humo miaka thelathini na mmoja. Maabara ya meno ilikuwa chini, chumba cha pembeni ya dobi, chenye meza tatu, mota ya kung'arishia, magunia ya plasta, na dirisha dogo la kupokelea wagonjwa. Wagonjwa walilifikia dirisha hilo kwa aibu kubwa. Walinong'ona, wakitazama kulia na kushoto, "Samahani, ni hapa kwa yale mambo ya... ya bandia?" Naye alijibu kwa sauti ya kusikika hadi kwa madobi: "Ni hapa hapa. Bandia ni mimi. Fungua mdomo." Jina likamganda. Alilipenda kuliko vyeo vyote alivyowahi kupewa, na barua za kiofisi zilipomwita Fundi Sanifu Mwandamizi alisema huyo hamjui.

Mumewe alimpata kwenye dirisha hilo hilo. Alikuwa karani wa benki, kijana mtaratibu mwenye viatu vinavyong'aa, na alimleta mama yake mzazi kutengenezewa meno. Kisha akarudi peke yake kusema meno yanambana mama. Akarudi tena kusema yanamlegea. Marehemu alipomwambia basi amlete mgonjwa mwenyewe, bibi alifika, akasikiliza malalamiko yote yaliyosemwa kwa niaba yake, akasema meno yake hayajawahi kumsumbua hata siku moja, anayesumbuliwa ni huyu. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985 na wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Sasa tufike kwenye saa.

Mwaka 1998 mumewe alipandishwa cheo, na akiwa safari ya kikazi alijinunulia saa ya mkono ya kifahari, ya rangi ya dhahabu, yenye jina kubwa usoni. Aliivaa kwa raha zake miezi michache. Siku moja, kaunta imejaa wateja, mshale wa sekunde ukachomoka na kudondoka ndani ya kioo, ukawa unateleza huku na huko kila akiinua mkono. Wenzake walivunjika mbavu. Aliondoka kazini saa ikiwa ndani ya leso. Fundi saa wa pale kona ya soko aliifungua, akaifunga, akasema: "Hii si saa, bwana. Hii ni picha ya saa. Katupe." Mumewe aliingia nyumbani akiwa ameshauriwa hivyo, na alikuwa ameshalielekea shimo la taka.

"Nipe," marehemu alisema.

Aliifungua kwa vifaa vya kuchongea nta ya meno, lenzi ikiwa jichoni. Kisha akamwita mumewe aje atazame vigurudumu, kila kimoja na meno yake, vinavyosukumana. Meno ni meno, alisema. Lakini neno ambalo mumewe hakulisahau ni hili: "Jina lililoandikwa usoni ni la uongo. Lakini kuna mtu mahali fulani alikaa akaikaza hii skrubu, na skrubu si ya uongo. Sasa huyu naye tumtupe?" Alirudisha mshale mahali pake. Saa ikatembea, na mumewe akaivaa kazini kesho yake, akawaambia wenzake wazi kwamba ni feki na aliyeitengeneza ni mke wake.

Ndivyo mapenzi hayo yalivyoanza. Mafundi saa wengi walikuwa wakikataa hata kuzigusa saa za namna ile. Saa halisi ina duka lake na fundi wake mwenye cheti, lakini feki ikifa haina wa kuililia. Hilo lilimuudhi marehemu kupita kiasi. Alifunga baraza ya nyuma kwa mbao na vioo, akaweka meza, na kwenye ukingo wa meza akapigilia upindo wa aproni nyeupe aliyojifunga kiunoni, ili skrubu ikidondoka idondokee kitambaani. Hata hivyo vitu vilipotea. Springi moja ilimruka siku ya Jumapili, familia nzima na wageni waliokuja kusalimia wakapigishwa magoti kwa tochi, na jioni ikapatikana ndani ya soksi ya mwanawe, aliyekuwa ametoka kucheza mpira na kurudi.

Vipuri ndivyo vilivyokuwa mtihani, kwa maana hakuna duka linalouza kipuri cha kitu ambacho hakitakiwi kuwepo. Alinunua saa zilizokufa kwa wachuuzi wa barabarani, akizipokea kwenye kopo kama karanga. Alijifunza kwamba mashine moja huvishwa majina kumi tofauti, kwa hiyo saa iliyoandikwa hivi inaweza kuipa ini na figo ile iliyoandikwa vile. Mtandao ulipofika aligundua kuwa hayuko peke yake duniani. Walikuwepo wenzake katika nchi mbalimbali, wengi wao wastaafu, na rafiki yake mkubwa alikuwa mzee mmoja wa mbali sana, dereva wa treni aliyestaafu. Hawakujua lugha moja. Waliandikiana kwa kutafsiriwa na mashine, na tafsiri zilipotoka ovyo, mzee akimwita "bibi wa farasi" kwa sababu asizozijua mtu, marehemu alicheka mpaka machozi, akamjibu kwa jina hilo hilo. Mzee alimtumia mishale ya saa akiwa ameibandika kwa gundi ndani ya kadi za siku ya kuzaliwa. Marehemu alikuwa na siku za kuzaliwa nyingi kwa mwaka.

Masharti yake yalikuwa mawili. Hakuuza. Na kila saa iliyopita mikononi mwake aliiandika kwa ndani ya mfuniko wa nyuma, kwa kile kidude cha kutobolea meno, neno moja: BANDIA. Mfanyabiashara mmoja wa katikati ya mji alikuja na sanduku la saa kumi na mbili, akitaka zing'arishwe zionekane halisi, na neno lile lisiwepo. Marehemu alimkaribisha vizuri, akampa kiti na maji ya kunywa, akamwambia yeye hutengeneza feki, hatengenezi uongo. Yule bwana akasema haoni tofauti. Marehemu akamwambia hilo ndilo tatizo lake, akamfungulia mlango.

Mwezi Mei 2009 kifurushi cha nyuso za saa kilichotoka kwa dereva wa treni kilifunguliwa posta. Nani alimchongea, au kama alichongewa kabisa, marehemu hakutaka lizungumzwe, na hapa pia halitazungumzwa. Maofisa walifika nyumbani, wakachukua saa zake zote kumi na moja pamoja na makopo ya vipuri, naye akalala mahabusu siku mbili kabla ya kupata dhamana. Alishtakiwa kwa kuwa na bidhaa bandia kwa ajili ya biashara. Habari zilienea. Kazini wapo waliomkwepa koridoni, na wapo waliosema heri mama yake hakuwa hai kuyaona haya.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye ni mwanasheria, alijitolea kumtetea. Ushauri wake ulikuwa mfupi na, kwa upande wa sheria, ulikuwa mzuri: aseme hakujua. Aseme alinunua akidhani ni halisi, akatapeliwa, yeye ni fundi wa meno atajuaje mambo ya saa. Kesi ingeisha asubuhi moja. Mumewe alimsihi. Mdogo wake alimsihi, tena kwa machozi. Marehemu aliwaambia hawezi kusema hakujua, kwa sababu alijua, na alijua kila moja kwa sura yake. Shemeji alikasirika, akasema basi ajitetee mwenyewe, ingawa siku ya kesi alifika na kukaa benchi la nyuma.

Hakimu aliinua saa mojawapo, akatazama ndani ya mfuniko, akamuuliza kama alijua kuwa saa hizi ni za bandia.

"Nilijua, mheshimiwa," marehemu alijibu. "Hilo neno unaloliona nimeliandika mimi."

"Na bado ukaziweka?"

"Nikaziweka na nikazitengeneza. Miaka yote nimetengeneza meno ya bandia kwa mshahara wa serikali, na hakuna aliyeniambia niyaonee aibu. Sijamwambia mtu yeyote kwamba saa hizi ni kitu kingine. Kama kuna niliyemdanganya, aletwe."

Hakuletwa mtu, kwa sababu hakuwepo. Hakimu aliamua kwamba biashara haikuthibitishwa, akamwachilia huru, lakini kwa kuwa saa zilibeba alama za watu wengine, akaamuru ziharibiwe. Marehemu aliinamisha kichwa. Baadaye alisema uamuzi ule aliukubali, hakuupenda, na kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili.

Aliomba kushuhudia. Siku ya kuharibu alienda kwenye ua wa bohari, na kwa kuwa mumewe alikuwa kazini, aliyempeleka kwa gari ni shemeji, ambaye bado walikuwa hawasemezani naye vizuri. Ofisa mmoja kijana alizipanga saa juu ya bamba la chuma, akazipiga nyundo moja baada ya nyingine. Marehemu alisimama wima hadi ya mwisho. Vipande vilifagiliwa kwenye ndoo ya rangi. Kisha akaomba apewe ile ndoo.

Ofisa alikataa. Alisema amri ni amri. Marehemu akasema hakatai amri, imeshatekelezwa, yeye anaomba takataka. Walikuwa wanakaribia kupandishiana sauti pale shemeji alipotoka garini, akavaa miwani yake, akaiomba ile karatasi ya amri na kuisoma yote pale uani bila haraka.

"Imeandikwa saa ziharibiwe," alisema. "Afande, hebu tazama ndani ya ndoo. Hizo bado ni saa?"

Ofisa alitazama. "Hapana, si saa tena."

"Basi amri yako imekwisha. Kilichobaki kinatupwa popote. Huyu ni shemeji yangu, atakutupia."

Ndoo ilirudi nyumbani kwenye buti la gari la mwanasheria. Walipofika, shemeji aliibeba mwenyewe hadi barazani.

Miaka minne marehemu alichambua ndoo ile. Alitenganisha vilivyopinda na visivyopinda, akanyoosha, akajaribu, akakataa. Kutoka kwenye saa kumi na moja zilizopondwa alipata mashine moja inayotembea. Uso hakuupata, kwa kuwa nyuso zote zilikuwa zimepasuka, hivyo aliutengeneza kwa plastiki ile ile wanayotengenezea fizi za bandia, waridi kabisa, akaing'arisha mpaka ikawa kama kinywa cha mtoto mchanga. Hakuandika jina lolote juu yake. Alipomaliza mwaka 2013 alimvisha mumewe, ambaye ameivaa hata leo. Watu wakimuuliza ni chapa gani, hujibu kama alivyofundishwa na mkewe: "Ufizi." Wapo waliodhani kwamba baada ya hapo marehemu aliokoka na mambo ya feki. Hapana. Wiki iliyofuata alipokea kadi nyingine ya siku ya kuzaliwa.

Alistaafu mwaka 2014, na meza ya baraza ikapata wateja zaidi: walinzi, makondakta, wanafunzi, mchungaji mmoja, mabibi harusi wawili. Aliwatengenezea bure, akawaambia kila mmoja ukweli wa alichonacho, na hakuna hata mmoja aliyeivua saa yake kwa kuambiwa hivyo.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2017. Madaktari walikuta mapafu yamejaa vumbi la plasta na la meno yaliyosagwa, vumbi la miaka yote ya chumba kile cha chini ambacho feni yake iliharibika na kuombewa feni nyingine tangu watoto wake wako shule ya msingi. Aliambiwa mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Hakulia mbele ya daktari. Alipotoka nje alimwambia binti yake, ambaye ni muuguzi, kwamba watu wanatafuna huko mitaani kwa pumzi zake, na hilo halimkasirishi. Kinachomkasirisha ni ile feni. Alirudi hospitalini kwake, akapanda ngazi akipumzika kila baada ya ngazi chache, akaingia ofisini kwa mkuu bila miadi. Yaliyosemwa ndani hayajulikani yote. Chumba cha chini leo kina feni mbili, na mafundi wake wanavaa barakoa.

Miaka miwili ya mwisho aliishi na mashine ya oksijeni. Aliiweka chini ya meza ya baraza, na akanunua mpira mrefu ili afike mpaka kwenye kabati la vipuri. Daktari alipomshauri apumzike alimwambia kupumzika ni kazi ya baadaye. Jumanne jioni alikuwa akifunga mkanda wa saa ya mfagizi wa hospitali, mikono imara, pumzi ndiyo inayokatika. Alimwita mdogo wake amshikie pini. "Shika hapa," alisema, "na usitetemeke, mgonjwa ni mimi." Pini iliingia. Asubuhi yake hali ilibadilika, akalazwa pale pale barazani. Mumewe, akidhani hewa itamsaidia, alifungua dirisha la baraza, na marehemu akageuza kichwa kwenye mto.

"Funga," alisema. "Vumbi linaingia kwenye saa za watu."

Mumewe akalifunga. Hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho la marehemu, na muda si mrefu akaaga dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume na mkewe, mtoto wa kike, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike na wadogo zake wawili wa kiume, shemeji yake mwanasheria, aliyeupitia wasifu huu jana na kurekebisha maneno mawili ya kisheria tu, na rafiki yake wa mbali, dereva wa treni, ambaye hawakuwahi kuonana naye na ambaye ameshapewa habari.

Ameacha pia nyinyi. Familia inawajua wengi wenu, na inaona jinsi mlivyosimama na mikono yenu mifukoni. Saa zenu alizitengeneza zitembee, hakuzitengeneza zifichwe. Kabla hatujamshusha, yeyote aliye na saa yake, akunje mkono wa shati.

Mungu amlaze mahali pema, na ampe amani, hata kama pumziko ni jambo ambalo itabidi ajifunze.